Maksai Aliyegeuka Jenereta

Bado nina hasira. Nyumbani wanasema yamekwisha, na mimi nikiulizwa nasema ndiyo, yamekwisha, kwa sababu mimi si mtu wa kujibu. Lakini hayajaisha. Kila nikipita kwenye kile kibanda kilicho mbali na nyumba, nikaliona lile jenereta limefunikwa gunia la mbolea kama mgonjwa aliyelala, naongeza mwendo. Lile jenereta lilikuwa maksai. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe shingoni, alivuta plau yetu tangu niko shule ya msingi, na walimuuza ili dada yangu asipoteze kazi. Halafu wakanunua kitu kilichokaribia kumpotezea hiyo hiyo kazi.

Kwetu ni Nyabusozi, Biharamulo. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kisukuma, na Kiswahili ni cha shuleni, cha sokoni na cha dada kazini. Nyumba yetu iko bondeni. Simu ukiishika mkononi haioni mtandao mpaka upande juu ya kichuguu kilichopo nyuma ya choo, na hata huko unatakiwa uinue mkono kama unamwita mtu.

Dada ndiye wa kwanza kuzaliwa, mimi ndiye wa mwisho. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Anatembea kwa magongo, mwendo mfupi mfupi, na njia yetu ina mawe. Alipomaliza kidato cha sita alikaa nyumbani muda mrefu na watu wakamhurumia mpaka inakera. Kuna mama mmoja wa jirani alikuwa akija kuomba chumvi anasema mbele yake kabisa, "Maskini, na uso wote ule mzuri." Kama vile uso ulikuwa umepotea kwa kukaa juu ya miguu ile.

Ndipo akapata kazi. Aliiomba mwenyewe kwa simu, juu ya kichuguu, mimi nikiwa nimemshika kiuno asianguke. Ni kampuni ya mabasi, ofisi yao iko mjini mbali, na kazi yake ni kujibu ujumbe wa abiria kwa maandishi. Mtu anaandika kwamba begi lake limebaki kwenye basi, dada anamjibu. Mtu anauliza basi linafika saa ngapi, dada anamjibu. Mtu anatukana, dada anamjibu kwa adabu. Ofisi ilimtumia kompyuta, ruta, na antena ambayo fundi aliifunga juu ya mlingoti mrefu kuliko paa, maana kwa chini hakuna kitu. Hao abiria hawajui kwamba anayewaandikia "Pole sana kwa usumbufu" yuko Nyabusozi, kuku wanapita chini ya meza yake.

Kompyuta ina chaji yake ya ndani. Umeme ukikatika inaendelea kuwaka kama haijui lolote. Kinachokufa ni ruta. Ruta ikifa, dada anatoweka katikati ya sentensi, abiria anabaki anaongea peke yake, na mfumo wa ofisi unamwandikia dada kosa. Na kwetu umeme unakatika. Mvua ikinyesha unakatika, upepo ukivuma unakatika, na siku nyingine hakuna mvua wala upepo, jua zuri, mbuzi wametulia, unakatika tu. Dada alionywa. Akaonywa tena, na safari hii walimwambia ni onyo la mwisho: akitoweka tena zamu yake anapewa mtu mwingine.

Alimwita baba chumbani kwake. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakunja nguo.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mayu." Baba anatuita sisi mabinti mayu, yaani mama.

Dada alimweleza taratibu. Alisema ruta inakula umeme kidogo sana, kidogo kuliko taa ya sebuleni. Alisema kuna kifaa kidogo, kama pawabanki ya simu lakini cha ruta, ambacho unakiweka kati ya soketi na ruta. Umeme ukiwepo kinajaa. Ukikatika kinaendelea pale pale, ruta haijui hata kama kuna jambo limetokea. Duka la vifaa vya umeme mjini Biharamulo wanacho, alishauliza kwa simu. Na pesa alikuwa nayo, ya kwake mwenyewe, ya mshahara.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Baba yangu anasikiliza vizuri sana, hilo siwezi kumnyima. Tatizo lake ni baada ya kusikiliza.

"Unataka kuninunulia mimi umeme?"

"Siyo wewe, baba. Ruta."

"Ruta iko nyumba ya nani?"

"Yako, baba."

"Binti yangu, hujaolewa, uko kwangu, halafu uwashe nyumba yangu kwa pesa yako. Watu wakiuliza nitasema nini? Giza la hapa ni la kwangu mimi. Nimekusikia. Nitaongea na wenzangu."

Wenzake maana yake ni shikome. Shikome ni moto ambao wanaume wanawasha jioni karibu na zizi, wanakaa wanaota, wanakula pale, wanaongea mambo ya ng'ombe na mashamba na nani kaoa wapi. Wavulana wanakaa pale kujifunza. Sisi wanawake tunapeleka chakula na maji ya kunawa, tunapiga goti, tunaondoka. Kwa hiyo swali la ruta ya dada lilitoka chumbani kwa dada, ambaye alikuwa analijua jibu, likaenda kwenye moto ambapo dada hajawahi kukaa hata mara moja.

Jioni hiyo mimi ndiye niliyepeleka maji. Walikuwepo baba, baba mdogo, mzee jirani ambaye mashamba yetu yamepakana, na wavulana wawili watatu. Walikuwa wameshaanza kikao.

"Hiyo pawabanki ni kitu gani?" mzee jirani aliuliza.

"Ni kama betri ya tochi," baba mdogo akajibu. Baba mdogo hajui, lakini huwa anajibu.

"Ya tochi! Sasa betri ya tochi ndiyo imewakalisha hapa?"

Wakacheka. Baba naye alicheka kidogo, akasema, "Mimi nimesema nitamtoa yule mweusi. Siku ya mnada naenda naye."

"Maksai mzima kwa betri ya tochi? Muuze kuku, ndugu yangu."

"Ndiyo maana nawauliza."

Mzee jirani akasema sola. Baba mdogo akasema sola ilishamwaibisha, aliinunua kwa mchuuzi, ikawaka msimu mmoja, sasa anaanikia mihogo juu yake. Mmoja wa wavulana akasema inveta na betri kubwa kama ya trekta, na kwa mara ya kwanza nikaona kuna mtu anakaribia karibia. Baba mdogo akamkata.

"Betri imekaa kimya pale kama mchawi. Mgeni akija utamwonesha nini? Jenereta, kaka! Jenereta ukilitia moto, ng'ambo ya bonde wanajua hapa kuna watu."

"Jeneleta ni kitu," mzee jirani akakubali. "Jeneleta hata ukilala unalisikia."

Baba akatikisa kichwa polepole, akatema mate pembeni. Halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka yote. "Ng'ombe nikimtoa, lazima kirudi kitu kinachoonekana. Siwezi kwenda mnadani na maksai, nirudi nimeweka kitu mfukoni. Watasema nimemnywa."

Nilikuwa nimepiga goti na beseni mkononi, nawamwagia maji mmoja mmoja, na jibu nilikuwa nalo lote kichwani. Jenereta haliwaki lenyewe. Mpaka mtu atoke, aende, avute kamba, ruta itakuwa imeshakufa, dada atakuwa ameshatoweka. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nani alikuwa ananiuliza? Darasani kwetu mwalimu akinyoosha kidole kwangu sauti inaingia ndani, itatoka wapi pale kwenye moto wa wanaume? Nilimwaga maji, nikasema "karibuni chakula," nikaondoka. Jikoni nilipiga teke kuni mpaka mama akauliza nimeumwa na nini.

Dada nilipomwambia alifunga macho tu. "Jenereta," alisema. "Sawa."

"Si sawa!"

"Usinipigie kelele mimi. Mimi ndiye niliyetaka kujinunulia."

Maksai akaondoka. Sitaki kuelezea asubuhi hiyo.

Jenereta lilifika juu ya pikipiki ya baba mdogo, limefungwa kwa mipira, jekundu, linang'aa. Wakaja majirani. Baba mdogo akavuta kamba mara nyingi mpaka akatoa shati, hatimaye likanguruma, na ng'ombe wote zizini wakaenda upande mmoja wakavunja uzio wa miiba. Nusu ya wanaume wakakimbilia ng'ombe, nusu wakabaki wanapiga makofi. Mzee jirani alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Hilo sasa ni jeneleta!" Kwa sababu ya ng'ombe likahamishiwa kibandani, mbali zaidi na nyumba. Dada akitoka kitandani mpaka pale, na magongo, na mawe yale, angefika umeme umesharudi.

Mara ya kwanza umeme ulipokatika baada ya hapo dada hakuwa kwenye zamu, bahati. Mara ya pili alikuwa anamaliza, ameshamuaga abiria wa mwisho. Nilimsikia baba mdogo huko nje, "Leteni petroli! Nani kahamisha petroli?" na baba anasema iko chini ya kitanda, na mama anasema ameitoa chini ya kitanda kwa sababu inanuka. Lilipowaka, ruta ilikuwa imeshazima kitambo. Baba akaingia chumbani kwa dada uso umejaa furaha, mikono ina oili.

"Unaona, mayu? Umeme huo!"

"Asante baba."

Hiyo asante ilinichoma kuliko jenereta. Nilimuuliza baada ya baba kutoka, kwa nini humwambii? Akasema, "Ameuza ng'ombe wake kwa ajili yangu. Nimwambie nini?" Na kweli hapo ndipo wanapotushikia. Wanakufanyia kitu kikubwa ambacho hukukiomba, halafu kila ukifungua mdomo unakuwa huna shukrani.

Halafu likaanza kuazimwa. Ukiwa na kitu kama kile kwetu huwezi kumnyima mtu. Msiba ukitokea, wanakuja kuomba taa za matanga, utasema hapana? Kwaya wana spika mpya, umeme haupo, utasema hapana kwa kwaya? Baba mdogo ndiye aliyelisimamia. Alikwenda nalo kila mahali, alikula kila mahali, watu wakaanza kumwita Mzee wa Umeme, na yeye akaanza kuitika. Alinunua miwani ya jua. Mtu wa jenereta na miwani ya jua, usiku, kwenye matanga.

Basi ikaja ile Jumamosi.

Kulikuwa na harusi kijiji cha pili. Asubuhi lilikuja guta la magurudumu matatu limebeba spika, wakapakia na jenereta, baba mdogo akapanda juu akakaa karibu nalo kama anasindikiza bibi harusi. Pikipiki yake aliiacha chini ya mti wa parachichi. Nilimwona dada dirishani anaangalia guta likiondoka. Zamu yake ilikuwa inaanza mchana huo, na Jumamosi ndiyo abiria wengi. Nilikwenda kwa baba, nikasimama, nikasema kwa sauti yangu ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni, "Baba, dada yuko kazini leo."

"Umeme si upo?"

"Upo."

"Basi?"

Nikarudi. Mchana ulikuwa na joto, mama alikuwa anapepeta mahindi, mimi nilikaa sakafuni chumbani kwa dada na kitabu cha fizikia. Alikuwa anaandikiana na mama mmoja aliyempandisha mtoto wake basi peke yake, anakwenda kwa shangazi, na basi limechelewa, na huyo mama anaandika haraka haraka bila nukta. Dada alikuwa ameshapata namba ya basi, alikuwa anamtafuta kondakta. Nikasikia redio ya mama inanyamaza. Nikaangalia ruta. Taa zote zimezima.

Dada hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimenyooka, akaangalia kioo cha kompyuta ambacho bado kilikuwa kinawaka. Sentensi ya yule mama ilikuwa imeishia katikati. Halafu akasema polepole, "Basi. Imekwisha."

"Ukirudi haraka?"

"Nikirudi haraka sana wanaweza kuhesabu ni mtandao tu. Nikichelewa, basi." Aligeuza kichwa akaangalia nje, na hapo uso wake ukabadilika. "Ile pikipiki ina betri."

"Ndiyo."

"Ya volti kumi na mbili. Ruta nayo ni kumi na mbili. Nenda. Kimbia, mdogo wangu!"

Sikujua kwamba ninaweza kufungua pikipiki. Nilichukua kisu cha jikoni, nikang'oa kile kifuniko cha pembeni, skrubu moja ikagoma nikaivunja. Sikuijali. Dada alikuwa ananielekeza kutoka dirishani, "Fungua waya mweusi kwanza! Mweusi kwanza, halafu mwekundu!" Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi, nimeshika betri ya watu, ndipo nikaona viatu vya baba.

"Unafanya nini na pikipiki ya baba yako mdogo?"

Nikaikumbatia betri.

"Ninakuuliza! Una wazimu? Umeme ukikatika si kuna jenereta?"

Nikasimama. Betri ni nzito kuliko inavyoonekana. Nikasema, na sauti haikuwa yangu, ilikuwa kubwa, mama akasimamisha ungo, "Jenereta liko wapi, baba? Liko wapi? Maksai wako yuko harusini! Anawachezea watu muziki! Na dada anafukuzwa kazi sasa hivi, sasa hivi, wakati wewe unaniuliza!"

Kwetu mtoto hasemi hivyo kwa baba. Mtoto wa kike ndiyo kabisa. Mama aliweka mkono mdomoni. Sikusubiri nione baba atafanya nini, nilimpita, bega langu likagusa mkono wake, nikakimbilia ndani.

Dada alikuwa ameshakata waya wa adapta kwa meno. Aliumenya ncha mbili. "Huu wenye mstari mweupe ni chanya. Kwenye alama ya kujumlisha. Ukikosea tunaiunguza." Nilishika mmoja, yeye akashika mwingine, tukagusisha. Taa moja ikawaka nyekundu. Tukasubiri. Sijawahi kuichukia rangi kama nilivyoichukia ile nyekundu. Halafu ikawa kijani, halafu ya pili, ya tatu, na kompyuta ikalia kwa ujumbe wa yule mama, mmoja, mbili, tano, zote kwa pamoja: uko wapi, dada uko wapi, nijibu.

Jibu la kondakta nalo lilikuwa limeingia. Dada aliandika, "Niko hapa. Samahani. Mwanao yuko salama, basi limesimama njiani, kondakta yuko naye."

Nilishika waya zote mbili kwenye betri kwa vidole mpaka zamu ikaisha, kwa sababu hatukuwa na kitu cha kubania, na niliogopa nikitafuta kamba uachie. Vidole vilikufa ganzi. Dada hakutoweka tena. Jioni ofisi ilimwandikia kwamba wameona alikatika kidogo akarudi. Wanamwacha. Onyo liko pale pale.

Baba mdogo alirudi ameshiba, amevaa miwani. Akaenda kwenye pikipiki yake, akawasha, akabonyeza honi. Kimya. Taa. Kimya. Akaona kifuniko kimelala chini.

"Nani! Nani kafungua pikipiki yangu!"

Niliitwa shikome. Mimi. Niliitwa kama wanavyoitwa wezi wa mbuzi. Nilisimama nje ya mduara, moshi unaniingia machoni, na kila mtu akadhani ninalia. Sikulia. Baba mdogo alieleza kwa mikono yote miwili jinsi nilivyomharibia, skrubu ile, kifuniko, na angekutana na ng'ombe barabarani bila taa angekufa, na angekufa nani angelitunza jenereta. Mzee jirani akasema, "Binti, umemkosea baba yako mdogo. Sema neno." Lile la mchana lilikuwa limeishia mchana.

Ndipo tukasikia magongo.

Yanapogonga mawe yana sauti yake, unaijua. Wanaume wote waligeuka. Dada alikuja polepole sana, kutoka nyumbani mpaka pale, na hakuna aliyekwenda kumsaidia kwa sababu hakuna aliyejua kama anatakiwa kusaidiwa au kurudishwa. Alifika akasimama ndani ya mwanga. Alikuwa anahema.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia kwa kuchelewa. Mzee jirani akavuta kigoda. "Kaa, mayu, kaa."

"Asante babu, nitaongea nimesimama. Nikikaa sitaweza kuinuka." Akamgeukia baba mdogo. "Betri nimeichukua mimi. Yeye alikuwa mikono tu. Skrubu nitakulipia." Halafu akamgeukia baba. "Baba, nakushukuru kwa ng'ombe. Sitaacha kukushukuru. Lakini leo nusura nifukuzwe, na jenereta lipo. Naomba moja kati ya haya. Niruhusu ninunue kile kifaa changu kwa pesa yangu. Au niruhusu nikapange chumba mjini, ninunue huko."

Baba mdogo alianza, "Kupanga mjini, mtu wa magongo, watu watasema..." Baba akamnyamazisha kwa kiganja. Alikuwa anaangalia magongo ya dada, jinsi yalivyozama kwenye samadi.

"Hicho kitu," baba alisema mwishowe, "kweli kinaingia mfukoni?"

"Kinaingia, baba."

"Ukikiweka kwenye meza yako, mtu akipita nje anakiona?"

"Hakionekani."

"Basi kanunue." Akachokonoa moto. "Kama hakionekani, nani atauliza kakinunua nani."

Yaani hiyo ndiyo sababu. Siyo kwamba dada alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Siyo kazi yake, siyo yule mama wa mtoto, siyo vidole vyangu. Mwanzoni kilikataliwa kwa sababu hakionekani, na mwishoni kilikubaliwa kwa sababu hakionekani, na katikati tulipoteza maksai. Nilitaka kuisema hiyo pale pale, kwa wote. Dada alinishika mkono akasema, "Nisindikize, nimechoka," kwa hiyo nilimsindikiza.

Tulikinunua Jumatatu, mimi nikiwa nimeomba ruhusa shuleni. Ni kisanduku cheusi, kinakaa kwenye kiganja. Betri ya baba mdogo tulimrudishia na skrubu mpya. Hajanisamehe, na akipita anasema, "Fundi wa pikipiki, hujambo?" mbele ya watu.

Wiki iliyopita walikuja wageni, ndugu wa mama kutoka Geita. Walikaa sebuleni, mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Dada alikuwa kwenye zamu, mlango wazi, anaandika. Mgeni mmoja akashangaa, akauliza inakuwaje huyu binti mtandao wake bado upo. Baba akajinyoosha kwenye kiti.

"Ah, hicho nilimnunulia mimi. Jenereta ninalo kubwa, lakini kwa kazi yake niliona linazidi. Nikamchukulia hicho kidogo."

Wageni wakamsifu. Wakasema wazazi wa siku hizi wenye akili ni wachache. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Niliingia kwa dada, nikafunga mlango kwa kisigino.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Anasema amenunua yeye!"

Hakuinua macho. Alikuwa anamjibu mtu kuhusu tiketi. Taa za ruta zilikuwa zinawaka zote, kijani, mvua inapiga bati mpaka ilibidi ainue sauti.

"Mwache aseme," dada alisema. "Mimi sijakatika."

Nikatoka, nikawapelekea chai.